Udi, Ubani au Vijiti: Kipi Kifaacho Nyumbani?

Katika miji ya pwani, tangu Lamu na Malindi hata Mombasa na Unguja, nyumba isiyofukizwa huonekana kama nyumba isiyofagiwa. Chetezo hutiwa makaa siku ya Alhamisi jioni, usiku wa kuamkia Ijumaa. Hutiwa tena mgeni mheshimiwa apokewapo, mtoto azaliwapo, bibi harusi apambwapo na maulidi yasomwapo. Desturi hiyo imeenea bara pia, na madukani sasa kuna vifukizo vya kila namna: punje za utomvu, vipande vya mti, vijiti vyembamba, na vyetezo viwashwavyo kwa umeme. Aghalabu mnunuzi huchagua kwa pua na kwa bei tu. Lakini kila kifukizo kina asili yake, ujanja wake wa sokoni na moshi wake. Na moshi huo huvutwa na watu wote wa nyumba, wakubwa kwa wadogo. Basi yafaa mwenye nyumba ajue anachonunua kabla ya kutoa fedha.

UBANI

Ubani, ambao katika Biblia ya Kiswahili huitwa uvumba, ni utomvu wa miti midogo ya nchi kavu. Miti hiyo huota Somalia, Ethiopia, Sudan, Yemen, na Dhofar iliyo kusini mwa Oman. Mchumaji hukwangua gamba la mti, na utomvu mweupe kama maziwa hutoka na kuganda mfano wa machozi. Baada ya majuma mawili hivi hurudi kuukusanya. Biashara yake ni ya kale sana. Mnamo mwaka 2000 mahali pa Dhofar palipokuwa asili ya biashara hiyo paliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Watu wengi wa Kenya hawajui kwamba ubani hupatikana katika nchi yao pia. Huko Isiolo, Marsabit na Wajir, wachungaji na akina mama hukusanya ubani mweusi wa mti ambao wataalamu huuita Boswellia neglecta. Mti huo haukwanguliwi. Utomvu hutoka wenyewe mahali ambapo wadudu wametoboa gamba. Manemane nayo hupatikana katika nchi hizo hizo.

Ubani mweupe ulio mzuri huwa na vipande vikubwa, vikavu na safi, vyenye rangi ya manjano hafifu au kijani kibichi hafifu, na hunukia kidogo kama limau hata kabla ya kuwashwa. Ule uliojaa unga, mchanga na maganda ni wa daraja la chini. Lakini ubani mweusi wa kaskazini usidharauliwe kwa rangi yake, maana hiyo ndiyo asili yake. Mnunuzi na atazame usafi wake tu. Wala haifai kujaza chetezo. Punje mbili tatu zenye ukubwa wa harage zatosha chumba kimoja, na kinachozidi hapo ni moshi.

UDI

Udi ni mti wenyewe. Hutoka katika miti ya Asia, nchi kama India, Malaysia, Kambodia na Indonesia. Jambo la ajabu ni kwamba mti wenye afya hauna harufu ya kutajwa. Mti upatapo jeraha na kuingiwa na kuvu, hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi ndani ya kiini chake, na kiini hicho kilichougua ndicho udi. Kwa kuwa hakuna ajuaye kwa yakini, kwa kuutazama mti nje, kama ndani mna udi, watu wamekata miti mingi bure. Ndiyo sababu mkataba wa mataifa wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, uitwao CITES, uliweka sheria ya biashara ya aina moja ya miti hiyo mwaka 1995, na ya aina zake zote mwaka 2005.

Kitu cha thamani hakikosi waigaji. Miti ya kawaida hupakwa rangi, hulowekwa katika mafuta yenye manukato, kisha huuzwa kwa jina la udi. Watu husema kwamba udi wa kweli huzama majini. Neno hilo ni kweli kwa udi mzito wa daraja la juu, lakini udi wa kweli ulio hafifu huelea, na mti uliotiwa uzito kwa ujanja huzama. Basi jaribio hilo peke yake halitoshi. Kaa la moto huamua vizuri zaidi. Udi wa kweli aghalabu haunukii sana ukiwa baridi. Ukiwekwa juu ya kaa, utomvu wake hutokota na kutoa povu, na harufu yake hubadilika polepole huku ikidumu. Udi wa bandia hunukia kwa nguvu mkononi, na baada ya dakika chache juu ya kaa hubaki harufu ya kuni. Mnunuzi na aombe kipande kidogo kiwashwe mbele yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Akina mama wa pwani wamepata njia ya katikati. Huchukua vipande vya udi wa bei ya wastani, huvipika kwa sukari, marashi ya mawaridi na mafuta mazuri, kisha huvihifadhi katika chombo chenye kifuniko. Udi huo wa kupikwa hutosha kufukiza nguo na chumba cha wageni, na apikaye kwa mikono yake ajua alichotia. Lakini sukari huungua upesi. Kaa likiwa kali mno, harufu nzuri hugeuka kuwa harufu ya chungu kilichoungua.

VIJITI

Vijiti vya kuwasha, ambavyo vingi hutoka India, hupendwa kwa kuwa ni rahisi wala havihitaji chetezo wala makaa. Kwa kawaida hufanywa kwa ufito wa mwanzi uliopakwa unga wa mkaa au wa mbao pamoja na gundi ya magome, kisha hutiwa manukato. Vilivyo bora hutengenezwa kwa utomvu na viungo vya asili. Vilivyo vingi hutiwa manukato ya viwandani. Pakiti yaweza kuandikwa "sandali" au "waridi" bila kuwamo chembe ya sandali wala jani la waridi. Na kwa kuwa kijiti huungua chote, ufito, mkaa na gundi, sehemu kubwa ya kile kivutwacho na watu ni moshi wa vitu visivyo na harufu nzuri yo yote.

HABARI YA MOSHI

Jambo hili ndilo lipasalo kufikiriwa zaidi ya bei. Uchunguzi wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2008 ulieleza kwamba gramu moja ya vifukizo ikiungua hutoa, kwa wastani, zaidi ya miligramu 45 za chembe za moshi, hali gramu moja ya sigara hutoa 10 hivi. Mwaka huo huo zilichapishwa habari za uchunguzi wa Wachina 61,320 wa Singapore, waliofuatwa kwa miaka mingi. Wale waliotumia vifukizo kwa wingi na kwa muda mrefu walionekana kupatwa zaidi na aina fulani za saratani ya njia ya pumzi. Habari hizi hazisemi kwamba chetezo cha sikukuu huua. Zaonya juu ya moshi wa kila siku katika chumba kilichofungwa.

Makaa nayo yana hatari yake: hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humwua mtu usingizini. Kwa hiyo chetezo chenye makaa kisiachwe kamwe katika chumba cha kulala. Makaa ya tembe yawakayo upesi yametiwa dawa ya kuyawasha. Yangojewe mpaka yafunikwe na majivu meupe, ndipo utiwe ubani au udi.

KUCHAGUA

Nyumba kubwa yenye kiwanda cha wazi na madirisha yaelekeanayo yaweza kustahimili ubani wa makaa. Nyumba ya vyumba viwili mjini haiwezi kadiri hiyo. Kwa nyumba kama hiyo chetezo cha umeme chafaa zaidi, maana huondoa moshi wa makaa na huupasha udi moto bila kuuchoma upesi; hata hivyo dirisha na liwe wazi. Vijiti, vikitumiwa, na viwe kimoja kwa wakati, navyo visiwashwe karibu na pazia wala chandarua. Chetezo cha udongo kiwekwe juu ya sinia, mbali na watoto, wala kisiachwe bila mtu.

Palipo na mtoto mchanga, au mtu mwenye pumu, afadhali moshi usiwepo kabisa. Heshima ya nyumba haitapungua. Asumini na rehani zilizowekwa chumbani, kikuba kifuani, na marashi yaliyonyunyizwa kwa mrashi vimewapendeza wageni wa pwani tangu zamani, wala havitoi moshi. Nguo nazo zaweza kufukizwa uani na kuingizwa ndani zikiwa zimeshika harufu.

Mwisho, kifukizo hakiwezi kufanya kazi ya ufagio. Nyumba yenye unyevu na takataka ikifukizwa hubaki na unyevu wake na takataka zake, na moshi huongezeka juu yake. Kwanza ifagiwe na kufunguliwa madirisha; kisha punje chache za ubani safi, au kipande kidogo cha udi wa kweli, zitatosha kumwambia kila aingiaye kwamba amekaribishwa.