Baridi ya Julai: Jinsi ya Kupanga Koti, Bleza na Viatu Nakuru Bila Kutapeliwa

Habari ya baridi? Kama unaishi Nakuru, Njoro, Molo au Nyahururu, jibu unalo mwilini. Kati ya Juni na Agosti, asubuhi za huku kwetu hazina huruma. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Molo iko karibu mita 2,500, na ukifika Timboroa umepita mita 2,700. Kadiri unavyopanda, ndivyo koti linavyoacha kuwa urembo na kuwa lazima.

Na ni miezi hii hii mwanamume anatakiwa aonekane nadhifu. Kuna mahojiano ya kazi, ibada ya Jumapili, na Agosti shule zikifunga, ruracio na harusi zinafuatana. Huwezi kwenda kwa wakwe na jaketi la bodaboda.

Mbona tunaongea nguo kwenye ukurasa wa malipo? Kwa sababu mavazi haya hayanunuliwi duka moja. Koti unatoa kwa mama wa mitumba, viatu kwa mwingine, fundi anarekebisha, na pengine bleza umeiona mtandaoni. Hiyo ni malipo manne au matano kwa simu, kwa watu tofauti, na kila malipo ni mlango ambao pesa inaweza kutokea vibaya. Basi tupange vyote viwili, mavazi na malipo.

Panga tabaka kwanza

Baridi ya Nakuru ina ujanja wake. Saa moja asubuhi unatetemeka, saa saba mchana jua linakuchoma, jioni upepo umerudi. Koti moja zito juu ya shati jepesi litakusumbua siku nzima. Wazee waliovaa vizuri walijua siri hii: vaa vitu vyembamba kadhaa, uvue kimoja kimoja.

Ndani weka vesti ya pamba. Juu yake shati jeupe au la samawati. Kisha sweta nyembamba ya sufu yenye shingo ya V, ili tai ionekane. Halafu bleza, na mwisho koti refu linalofika magotini. Mchana unavua koti na sweta, unabaki na shati na bleza, na bado uko rasmi. Kwa kichwa, marvin au boshori ni sawa kwenye matatu, lakini ivue kabla ya kuingia ofisini. Skafu ya rangi moja itafanya kazi ile ile ya kukukinga na upepo, na haitaharibu sura ya suti.

Kuhusu rangi, usijisumbue. Buluu iliyoiva, kijivu na kahawia zinapatana zenyewe kwa zenyewe. Ukichagua koti la kijivu, bleza ya buluu na viatu vya kahawia, unaweza kubadilisha longi na mashati mwaka mzima bila kukosea. Mkanda ufanane na viatu. Hiyo tu.

Sokoni: jua sufu ni ipi

Kwa pesa ya kawaida, koti zuri la sufu utalipata kwenye mitumba. Fika asubuhi siku robota linapofunguliwa, uulize kamera, yaani zile nguo za kwanza zilizochaguliwa. Ukingoja jioni utapata fagia: bei iko chini, lakini vizuri vyote vimeshaondoka.

Soma lebo ya ndani. Asilimia 70 na zaidi ya sufu ni koti la kukupasha joto. Poliesta peke yake huonekana vizuri kwenye hanga, lakini upepo wa Mau hauiheshimu. Kama lebo imekatwa, muombe muuzaji ruhusa utoe uzi mmoja kwenye upindo wa ndani, kisha uuchome kando, mbali na nguo. Uzi wa sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki jivu linalosagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu.

Baada ya hapo inua koti kwenye mwanga utafute matundu ya nondo, hasa kwenye kola na kwapa. Angalia bitana kama imechanika. Kisha lijaribu ukiwa umevaa bleza, maana ndivyo utakavyolivaa. Kama linakubana ukiwa na shati tu, Julai halitafungika.

Sufu yenyewe si kitu kigeni huku. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Lord Delamere alileta kondoo wa Merino shambani kwake Njoro, na wengi wakamfia. Hata hivyo ufugaji wa kondoo ulishika mizizi, na mpaka leo ukitaja Molo mtu anafikiria viazi na kondoo.

Fundi anaweza nini, na hawezi nini

Fundi wa mtaani anaweza kufupisha mikono, kubana kiuno cha bleza, kupunguza urefu wa koti na kubadilisha bitana. Hizo ni kazi za kawaida. Mabega ni hadithi nyingine. Mshono wa bega ukiwa umeshuka kwenye mkono, kurekebisha ni kufumua koti karibu lote, na gharama inaweza kushinda bei ya koti lenyewe. Kwa hivyo nunua kwa kupima mabega, mengine mwachie fundi.

Usilipe fundi pesa yote mwanzoni. Lipa nusu kazi ikianza, nusu ukishavaa na kujitazama kwenye kioo. Halafu mtumie SMS fupi siku hiyo hiyo: kazi ni gani, bei ni ngapi, umelipa ngapi, na siku ya kuchukua ni lini. Akijibu "sawa", mmeshaandikiana. Ukiambatanisha na ujumbe wa muamala, hakuna atakayesema amesahau.

Unapolipa

Hapa ndipo wengi hukimbia, na hapa ndipo pesa hupotea.

1. Uliza jina kabla ya nambari. "Mama, till yako imesajiliwa kwa jina gani?" Wauzaji wengi wadogo wamesajili kwa jina lao na si la kibanda, na hiyo haina shida. Shida ni jina linalotokea kwenye simu yako kuwa tofauti na lile ulilotajiwa. Likitofautiana, simama hapo hapo, usikamilishe malipo.

2. Lipa kwa till ikiwezekana. Ukilipia bidhaa kwa till ya Lipa na M-PESA, mteja hakatwi ada. Ukituma kwa nambari ya kawaida unakatwa ada ya kutuma, halafu utaambiwa "weka na ya kutoa". Kwa manunuzi matano, hizo ada zinafika bei ya soksi.

3. Maliza bei kwanza, kisha utoe simu. Ukilipa kabla hamjaelewana, huna tena nguvu ya kusema "niondolee mia mbili".

4. Ngoja ujumbe ufike kwenu wote wawili. Usiondoke mpaka muuzaji aone wake. Kama mtandao umekwama, angalia salio lako kabla ya kutuma tena, usije ukalipa koti moja mara mbili.

5. Weka ujumbe wa muamala mpaka umevaa nguo na kuridhika. Ndiyo risiti yako.

Na wewe unayeuza, usimpe mteja mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu yake. Ujumbe unaweza kutengenezwa. Angalia simu yako na salio lako.

Koti la mtandaoni

Picha ni nzuri, koti limekunjwa vizuri, bei ni nusu ya sokoni, na muuzaji anasema zimebaki mbili tu, tuma dipoziti sasa hivi. Pumua kwanza. Haraka hiyo ndiyo mtego wenyewe.

Muombe picha nyingine ya koti lile lile, aonyeshe lebo na mshono wa bega, leo. Aliye na koti mkononi atapiga picha kwa dakika moja. Aliyeiba picha atakuletea maneno. Kama yuko Nairobi na mzigo unakuja kwa matatu, kubaliana naye mapema: utafungua mzigo ofisini, utaukagua, kisha utalipa. Akikataa kabisa, mwachie koti lake. Nakuru haijakosa makoti.

Ukituma kwa nambari isiyo sahihi

Usipige kelele, na usimtumie yule mtu vitisho. Kama umetumia M-PESA, peleka ujumbe mzima wa muamala kwa 456 mara moja ili uombe kurudishiwa. Kwenye mtandao mwingine, piga huduma kwa wateja. Fanya hivyo papo hapo, kwa sababu pesa ikishatolewa au kutumiwa, kuirudisha ni kazi ngumu.

Na kama ni wewe umepigiwa simu: "Boss, nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie", angalia salio lako kwanza. Mara nyingi hakuna kitu kilichoingia, ni SMS bandia. Kama kweli imeingia, mwambie aombe kurudishiwa kupitia kampuni yake. Usirudishe mwenyewe kwa nambari unayotajiwa. Na PIN yako haombwi na mtu yeyote, hata anayesema anatoka kwetu.

Bajeti ya mfano

Tuseme una shilingi 10,000. Hizi si bei rasmi, soko lina bei zake, lakini mgao unaweza kuwa hivi:

- Koti la sufu: 3,500
- Viatu vya ngozi vya kahawia: 2,000
- Bleza: 1,500
- Longi la kijivu: 800
- Sweta: 500
- Shati: 500
- Fundi: 800
- Dobi: 400

Utaona koti na viatu vimekula zaidi ya nusu. Ni sawa. Hivyo ndivyo vinavyoonekana kwanza na kudumu zaidi. Viatu chagua vyenye soli ya mpira, maana matope ya Njoro na Elburgon hayajali wewe ni bwana harusi.

Elfu kumi kwa mpigo ni nyingi. Mia tano kwa wiki, kwa wiki 20, ni elfu kumi. Ukianza Februari, Juni inakukuta tayari. Iweke kwenye akiba ya simu iliyo tofauti na salio la matumizi, isije ikaliwa na nauli. Na tafadhali usinunue koti kwa mkopo wa simu unaotozwa kila siku. Koti la 3,500 litaendelea kupanda bei likiwa limening'inia kabatini kwako.

Ukirudi nyumbani, litundike kwenye hanga pana, lipigwe brashi, likae mbali na moto wa jiko. Sufu ikitunzwa inamaliza baridi nyingi. Mwaka ujao utanunua tu shati.