Fanani Ndani ya Piramidi: Je, Wimbo wa Nyongeza ni wa Nyongeza Kweli?

Utangulizi

Ndugu msomaji, darasani tunaambiwa karibu kila wiki kuwa kazi ya fasihi simulizi haikamiliki bila fanani, hadhira na utendaji. Tunaandika, tunakariri, tunajibu mtihani, basi. Lakini ukirudi bwenini ukawakuta wenzako wanabishana juu ya muziki, utaona kwamba dhana zile zile tumeziacha mlangoni mwa darasa.

Ndivyo yalivyonikuta. Mwenzangu wa chumba alikuwa akisikiliza albamu ya Alive 2007 ya Daft Punk, wale Wafaransa wawili wa muziki wa kielektroniki. Jirani yetu akachungulia mlangoni na kudakia: "Huo nao mnauita muziki wa jukwaani? Jamaa wanabonyeza kitufe, halafu wanakunja mikono!" Ubishi ukawaka mpaka usiku wa manane.

Makala haya yanakusudia kuueleza ubishi huo, maana si wa bwenini kwetu tu. Mashabiki wamekuwa nao tangu albamu ilipotoka. Maswali ni mawili. La kwanza: je, onyesho la mashine ni utendaji? La pili: je, kile kipande kilichouzwa kama wimbo wa nyongeza ni zawadi kwa mnunuzi au ni sehemu ya kazi? Msimamo wangu nautoa mapema: onyesho lile ni utendaji, na kwa sababu hiyo hiyo kipande kile si nyongeza. Ni mwisho wa kazi, uliokatwa ukafungashwa peke yake.

Tukio lenyewe

Daft Punk walikuwa Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, ambao walitangaza kuachana kikazi tarehe 22 Februari 2021. Kabla ya ziara tunayoizungumzia walikuwa wametoa albamu tatu za studio: Homework (1997), Discovery (2001) na Human After All (2005). Aprili 2006, kwenye tamasha la Coachella kule California, walijitokeza wamevaa helmeti za roboti, wamekaa ndani ya piramidi kubwa inayowaka taa. Piramidi hiyo wakazunguka nayo nchi mbalimbali hadi mwisho wa 2007. Onyesho la tarehe 14 Juni 2007, katika ukumbi wa Bercy mjini Paris, ndilo lililorekodiwa. Albamu ikatoka Novemba mwaka huo, na Februari 2009 ikapata tuzo ya Grammy kwa upande wa albamu za muziki wa kielektroniki na dansi.

Sasa angalia jambo hili. Albamu ilitoka kwa sura mbili. Toleo la kawaida lilikuwa na sidii moja yenye vipande 12. Toleo maalumu liliongezewa kitabu cha picha na sidii ya pili yenye kipande kimoja cha karibu dakika 10. Hicho ndicho walichopiga hadhira ilipowadai warudi jukwaani. Ndani yake wamechanganya "Human After All", "Together", "One More Time" na "Music Sounds Better With You".

Mashabiki wanasemaje?

Ukiwasikiliza mashabiki, utakuta makundi matatu. Kundi la kwanza ni la wabeuzi, kama yule jirani yetu. Kwao, mwanamuziki ni yule anayeonekana akitoa jasho kwenye gitaa au ngoma. Kundi la pili linasema hii ni albamu bora kuliko zile tatu zilizoizaa. Hasa wanataja nyimbo za Human After All, ambazo wahakiki wengi mwaka 2005 walizipokea kwa ubaridi lakini pale Bercy zikafufuka. Kundi la tatu lina kinyongo: linapenda onyesho, ila linauliza kwa nini aliyenunua toleo la kawaida aondoke kabla karamu haijaisha.

Je, ni utendaji?

Tuanze na wabeuzi. Albert Lord, katika kitabu chake The Singer of Tales (1960), alieleza matokeo ya utafiti kuhusu waimbaji wa tendi wa Yugoslavia. Alionyesha kuwa mwimbaji yule hakariri utendi neno kwa neno. Anautunga upya papo hapo, kwa kutumia mafungu ya maneno na mandhari ambazo jadi imeshamwekea tayari. Ndiyo kusema hakuna utendi "asilia" mmoja. Kila uimbaji ni kazi mpya.

Hebu tuitazame Bercy kwa jicho hilo. "Around the World" ya 1997 haipigwi peke yake. Inalazwa juu ya "Harder, Better, Faster, Stronger" ya 2001, hata maneno ya wimbo mmoja yanatembea kwa mapigo ya mwingine. Karibu onyesho zima liko hivyo. Mafungu ya zamani, mshono mpya. Hadhira inaulizwa kitendawili: huu ni wimbo gani? Ikishautambua inapiga kelele, na kelele hizo zimeachwa ndani ya rekodi. Ruth Finnegan katika Oral Literature in Africa (1970) alisisitiza kuwa hadhira ni sehemu ya kazi simulizi na si mtazamaji wa pembeni. Basi hapa tunaisikia kwa masikio yetu.

Hadhira hiyo ilipewa hata kazi ya kamera. Video ya "Harder, Better, Faster, Stronger" ya ziara hiyo, iliyoongozwa na Olivier Gondry, iliunganishwa kutokana na picha za watazamaji 250 waliogawiwa kamera katika onyesho la Brooklyn mwaka 2007. Fanani amejificha ndani ya helmeti. Hadhira ndiyo yenye sura.

Hata hivyo tusiwaonee wabeuzi. Wana hoja moja nzito. Mwimbaji wa Lord aliweza kurefusha au kufupisha utendi kwa kusoma nyuso za watu. Onyesho la piramidi, lenye taa zinazofuata muziki, lilikuwa na mpangilio uliokwisha kuandaliwa, na uhuru wa wale wawili ulikuwa mdogo zaidi. Ni kweli. Lakini mtambaji wa ngano naye anajua mwisho wa Sungura kabla hajafungua mdomo, wala hatumwambii kuwa hatambi. Mpangilio hauui utendaji. Kinachouua ni kukosekana kwa hadhira.

Kipande kilichokatwa

Sasa tuje kwenye kiini. Ikiwa tumekubali kuwa hadhira ni sehemu ya kazi, je, ile dakika hadhira inapomdai fanani arudi ni ya nje ya kazi? Haiwezekani! Hapo ndipo hadhira inapokuwa na nguvu kuliko wakati wowote. Tena tazama kilichopigwa. "Together" (2000) Bangalter aliitengeneza na DJ Falcon. "Music Sounds Better With You" (1998) ni ya kundi la Stardust, alilokuwamo yeye na wenzake wengine wawili. Yaani mwishoni roboti wanafungua mlango na kukaribisha marafiki. Aliyesikiliza toleo la kawaida hakuupata mlango huo.

Wapo watakaojitetea kwa nafasi. Sidii ya kawaida huchukua dakika 74 hadi 80 hivi, na vipande 12 peke yake vinazidi dakika 70. Ukiongeza dakika 10, haviingii. Sawa, nakubali kuwa chombo kina mipaka yake. Lakini sidii ya pili ingeweza kuwamo katika kila nakala. Kulinganisha, Alive 1997, iliyorekodiwa Birmingham na kutolewa 2001, ilikuwa kipande kimoja cha dakika 45. Tatizo ni jina "nyongeza". Jina hilo linamwambia msikilizaji: hiki ukikikosa hujakosa kitu. Ni sawa na mtambaji kusema "Paukwa", tukaitika "Pakawa", ngano ikanoga, halafu maneno ya kumalizia yakauzwa kando kwa wenye uwezo.

Hitimisho

Wenzangu wanafunzi, ubishi huu unatuhusu hata kama hatuupendi muziki huo. Tunasoma ngano zilizochapwa ambamo maitikio ya hadhira yameachwa ili kuokoa karatasi, kisha tunaandika insha juu ya "muundo" wake. Tunahakiki kazi ipi? Kabla ya fani na maudhui, tujiulize kwanza: toleo hili ni lipi, nani alilikata, na kilichokatwa kilikuwa na kazi gani?

Usiku ule mwenzangu alikuwa na toleo la kawaida. Ilibidi nikitafute kile kipande cha mwisho nikawasikilizishe. Jirani alikaa kimya mpaka kilipoisha, halafu akasema: "Kumbe walirudi." Bado anasema wanabonyeza vitufe. Lakini swali la nani aliyewarudisha hajalijibu mpaka leo.