Mjomba, Nimegonga Mtu

Simu iliingia saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Ni mpwa wangu, sauti inatetemeka: "Mjomba, nimegonga mtu!" Nikamuuliza swali ambalo miaka ya kushughulikia madai ya bima imenizoesha kulitanguliza: "Umegonga mtu, au umegonga gari la mtu?" Akanyamaza kidogo. "Gari, mjomba. Corolla ya mzee mmoja. Bampa la nyuma."

Sote tunasema hivyo, "nimegonga mtu", hata kama kilichoguswa ni plastiki. Lakini kisheria na kibima hayo ni mambo mawili tofauti, na dereva mpya anatakiwa ayatenganishe kabla ya kufanya lolote lingine.

Leseni yake ilikuwa na wiki sita. Gari ni IST ya mama yake, otomatiki, kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam. Simu iliita ikiwa kitini, akageuka kuitazama, mguu ukalegea kwenye breki. Wengi hujifunzia gari la gia za mkono, ambalo ukiliweka fri kwenye tambarare linatulia. Otomatiki ikiwa kwenye D haitulii; breki ikilegea inasogea yenyewe polepole, hata mafuta hujayagusa. Mita moja ya foleni inatosha kufika kwenye bampa la mwenzako.

Nilimwambia aweke P, avute hendibreki, awashe hazadi, kisha atazame kioo cha pembeni kabla ya kufungua mlango. Hili la kioo nalisisitiza. Dereva aliyepata mshtuko hufungua mlango kwa nguvu ili akaangalie hasara, na bodaboda zinazopenya katikati ya foleni hazijui kwamba kuna ajali. Mkwaruzo wa bampa unaweza kugeuka kuwa mtu aliyevunjika mguu.

Akishashuka, aanze na watu. Amuulize kila mmoja, na mtoto wa kiti cha nyuma asisahaulike. Shingo iliyotikiswa huenda isiume palepale. Maumivu yanaweza kuanza usiku au kesho yake, kwa hiyo "mimi mzima" ya barabarani si jibu la mwisho. Akiwepo aliyeumia, habari ya kuelewana inaishia hapo. Piga 112, usimsogeze majeruhi ila kama pale alipo kuna hatari kubwa zaidi, usimvue helmeti mwendesha pikipiki, na ukubali kwamba polisi lazima wahusike. Ndio watakaotoa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva asimame, asaidie aliyeumia, atoe taarifa zake na aripoti polisi. Kukimbia kunageuza uzembe mdogo kuwa kosa kubwa. Kama watu wamejaa na unaona kabisa wanataka kukupiga, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajisalimishe na maelezo yako. Huko si kukimbia, alimradi usipitie nyumbani kwanza.

Kisha picha, magari yakiwa bado yamegusana. Wengi hupiga picha ya mchubuko peke yake, na picha ya namna hiyo hainisaidii kitu ofisini. Inaweza kuwa mchubuko wowote, wa gari lolote. Rudi nyuma hatua kumi. Zionekane namba za magari yote mawili, mistari ya barabara, nguzo au duka la jirani. Halafu sogea karibu. Halafu zunguka magari yote ukichukua video, pamoja na zile sehemu ambazo hukuzigonga, maana mikwaruzo ya zamani ina tabia ya kuongezwa kwenye hesabu ya leo. Baada ya hapo, kama hakuna majeruhi na magari yanatembea, yawekwe pembeni. Yasipotembea, pembetatu ziwekwe nyuma, mbali kiasi cha kumpa anayekuja nafasi ya kupunguza mwendo.

Yule mzee alikuwa ameshashuka. Nilisikia kwenye simu.

"Shikamoo mzee. Pole sana."

"Marahaba. Mwanangu, ulikuwa unatazama wapi?"

Hapa ndipo naulizwa maswali mengi kuliko popote. Mikataba ya bima inakukataza kukubali dhima au kuahidi malipo bila kampuni kujua, na wapo wanaoitafsiri kwamba usiseme hata pole. Mimi naona wanakosea. Pole ni utu, na kwa mtu mzima ni adabu. Anayebana mdomo mbele ya mzee aliyegongwa anawasha ugomvi ambao haukuwepo. Eleza pia kilichotokea bila kupindisha. Usichoruhusiwa ni kukubali dhima au kuahidi malipo. "Nitakulipa kila kitu" ni ahadi ya fedha, na siku hiyo hakuna kati yenu anayejua hiyo "kila kitu" ni shilingi ngapi.

Mzee alitaka laki moja yaishe. Mpwa wangu alikuwa nayo kwenye simu na alikuwa tayari kuituma. Nikamwambia asitume.

Bampa la gari la siku hizi ni gamba la plastiki. Likibonyezwa taratibu hurudi karibu na umbo lake, ukabaki mchubuko wa rangi tu. Nyuma ya gamba kuna vishikizo vinavyovunjika, mara nyingi kuna sponji, na kuna mhimili wa chuma uliofungwa kwenye bodi. Chuma kikipinda, huoni kitu barabarani. Utajua pale buti linapogoma kufunga sawasawa, au mvua inapoingia kwenye shimo la gurudumu la akiba. Na gari lako uliyegonga lina siri yake mbele, maana rejeta iko hapohapo nyuma ya grili. Tazama chini ya injini kabla ya kuondoka. Maji meupe ya kiyoyozi hayana neno. Yenye rangi, ya kijani au mekundu, ni kulenti, na ukiendelea kuendesha unaweza kuua injini kwa ajili ya ajali ya bampa.

Basi wakabadilishana majina, namba za simu, leseni na bima, kila mmoja akapiga picha nyaraka za mwenzake, wakakubaliana kukutana gereji kesho yake asubuhi. Fundi alifungua gamba mbele yao. Mhimili ulikuwa umepinda upande wa kushoto. Spea, kunyoosha bodi na rangi: 340,000. Laki moja ya jioni ile ingemwacha mzee na hasara, na mpwa wangu na simu zisizokwisha.

Kabla ya hapo alikuwa ameniomba nimfichie mama yake. Nilikataa. Gari ni la mama, na mkataba wa bima una jina lake. Taarifa inapaswa kwenda kwenye kampuni mapema, hata kama hamna nia ya kudai, kwa sababu shingo ya leo inaweza kuwa dai la mwezi ujao, na dai lililochelewa kuripotiwa linaweza kukataliwa.

Kudai au kutodai ni hesabu. Bima ndogo hailitengenezi gari lako. Ni ya madhara uliyowafanyia wengine. Kinga ambayo sheria inailazimisha ni ya vifo na majeraha, na mali ya mwenzako hulipwa kadiri mkataba unavyosema, kwa kikomo chake. Bima kubwa inaligusa na gari lako, lakini kuna eksesi, yaani kiasi unachokibeba mwenyewe kwanza, na mikataba mingi humwongezea eksesi dereva kijana au mwenye leseni changa. Ukidai, unaweza pia kupoteza punguzo la mwaka usio na dai. Tuseme eksesi ya dai kama hili ni 500,000: kwa bili ya 340,000 kudai hakukupi kitu. Kama unadai, ripoti ya polisi itahitajika, kwa hiyo mwite trafiki apime eneo. Akikuandikia faini, inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, haitolewi mkononi.

Mpwa wangu alilipa kwa simu, moja kwa moja kwa fundi, ili muamala ubaki. Wakaandika karatasi moja: tarehe, mahali, namba za magari, kilichoharibika, kiasi, na sentensi inayosema mzee amelipwa uharibifu wa gari kikamilifu na hana dai lingine kuhusu uharibifu huo. Fundi akasaini kama shahidi. Nakala mbili.

Jumamosi nilikaa naye kiti cha abiria, tukapita Mwenge saa ileile. Simu yake niliiweka mimi ndani ya dashibodi. Nilimpa kazi moja tu: kila akisimama, azione tairi za nyuma za gari la mbele zikigusa ardhi, na kipande cha lami mbele yake. Bodaboda mbili zikajichomeka kwenye ile nafasi. Akazipisha, akazitafuta tena tairi.