Pikipiki Kuukuu Ilayo Betri

Wakulima wengi wa upande wa bara wa Mombasa hupeleka mavuno yao sokoni kwa pikipiki. Mtu wa Likoni atakaye kufika Kongowea na mchicha wake kabla ya mapambazuko aweza kuvuka feri, apite mjini, kisha avuke daraja la Nyali. Safari hiyo ni ya giza. Taa ikizimika njiani, mzigo na roho vyote vimo hatarini. Basi mwezi huu tutazungumza juu ya kidude kidogo chenye mapezi ya aluminiamu, kiitwacho regyuleta, ambacho mafundi wengine hukiita rektifaya.

Mkulima mmoja wa Mtongwe alinijia ofisini na pikipiki yake kuukuu.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Pikipiki hii imerogwa. Katika miezi mitano imekula betri mbili, na balbu sina hesabu. Jana taa imezimika penye kona, nikaingia mtaroni na makapu yangu. Sasa namwuza mbuzi ninunue betri ya tatu."

Nilimwomba amwache mbuzi kwanza. Tulipofungua betri tuliona maji yamepungua hata vibati vya ndani vikawa wazi. Betri haikuwa mbovu tangu mwanzo, ilikuwa ikichemshwa.

KAZI YA REGYULETA

Injini ikizunguka, sumaku huzunguka kando ya koili na kuzaa umeme. Umeme huo huenda mbele na kurudi nyuma kama msumeno, nayo betri haiwezi kuuweka akiba. Tena, kadiri injini iendavyo mbio, ndivyo volti zipandavyo. Regyuleta huugeuza umeme uende upande mmoja tu, kisha huzuia volti zisipite kiasi, kama boya lizuiavyo maji tangi linapojaa. Kazi hiyo huipasha moto sana. Ndiyo sababu ina mapezi, na yapasa ikae penye upepo.

Ikishindwa kuzuia, betri huchemka na balbu huungua. Ikishindwa kupitisha umeme, betri hufa kwa njaa.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Azima mita ya umeme kwa fundi. Hakikisha betri imechajiwa vizuri, kwa maana betri iliyokufa hutoa majibu ya uongo. Maelezo haya ni ya pikipiki za volti 12.

1. Zima injini, pima betri. Ikiwa imejaa, utaona volti 12.6 hivi.

2. Washa injini, ongeza mafuta kiasi, pima tena. Yafaa uone kati ya volti 13.5 na 14.5.

3. Zikipita 15, umeme umezidi. Zisipopanda kabisa, betri haichajiwi.

Usikimbilie dukani bado. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na chumvi hula plagi na skrubu. Fungua plagi ya regyuleta. Ukiona kutu ya kijani au plastiki iliyoungua, safisha au badilisha. Kwangua rangi na kutu mahali regyuleta ifungwapo kwenye fremu. Tazama fyuzi. Kama betri haichajiwi, fundi apime na koili pia, kwa maana koili ikiwa imeungua, regyuleta mpya haitasaidia kitu.

Pikipiki ya Mzee ilionyesha volti 16.8. Tulisafisha kila mahali, ikabaki 16.8. Hapo ndipo tulipojua kwamba regyuleta imekufa.

KUBADILISHA

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Linganisha volti, hesabu ya nyaya na mahali pa kila waya. Plagi kuingia si ushahidi. Mzee aliuziwa kwanza moja iliyoingia sawasawa, lakini nyaya zake zilikuwa zimepangwa vingine. Bahati njema tulitazama kabla ya kuwasha. Rangi za nyaya pia hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Pikipiki za Kiingereza za miaka ya 1950, kama vile BSA, nyingi zilikuwa za volti 6 zenye dainamo. Hizo zataka regyuleta yake na fundi azijuaye.

Zima injini. Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza. Fungua regyuleta ya zamani, funga mpya penye chuma safi, kaza skrubu, paka grisi kidogo juu yake ili kuzuia chumvi. Ingiza plagi mpaka ilie "ka". Rudisha waya wa hasi mwisho.

Kisha pima tena kama mwanzo. Ile ya Mzee ilisoma 14.3, hata injini ilipokwenda mbio.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Usivute sigara karibu na betri inayochajiwa, kwa maana hutoa hewa iwezayo kulipuka. Tindikali ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja. Maji ya betri yakipungua, ongeza maji maalumu ya betri, si ya kisima. Wala usiendeshe pikipiki bila betri ili ufike nyumbani tu. Volti zaweza kupanda na kuunguza balbu zote kwa mara moja.

Na ukiona balbu mbili zimeungua katika mwezi mmoja, usinunue ya tatu. Pima. Kupima ni kazi ya dakika kumi.

Mzee wa Mtongwe hakununua betri ya tatu. Ile ya pili tuliiongeza maji, tukaichaji polepole usiku kucha, na mpaka leo yafanya kazi. Mbuzi wake naye amezaa mapacha.