Ushindi Haufuti Deni la Ujira

Mwezi Juni 2025, mjini Kuala Lumpur, Malaysia, timu ya taifa ya Pakistan ya mpira wa magongo ilitoka sare ya mabao 3-3 na Ufaransa katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa, kisha ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Katika fainali ilifungwa na New Zealand mabao 6-2, ikashika nafasi ya pili. Haikuchukua muda, vyombo vya habari vikaripoti kuwa wachezaji hao walikuwa bado wanadai posho zao za kila siku za mashindano yale yale.

Hii si nchi changa katika mchezo huo. Pakistan imetwaa Kombe la Dunia mara nne: 1971, 1978, 1982 na 1994, na dhahabu ya Olimpiki mara tatu: 1960, 1968 na 1984. Kombe la 1971, lililochezwa Barcelona, hata sisi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu nalo, kwani Kenya ilishika nafasi ya nne.

Enzi hizo mchezaji wa Pakistan aliajiriwa na shirika la umma, kama vile shirika la ndege, la umeme au benki. Alicheza akijua kwamba mwisho wa mwezi watoto wake watakula. Baadaye mambo mawili yalibadilika. Kwanza, tangu Olimpiki ya 1976 mjini Montreal, mchezo ulihamia kwenye nyasi bandia, ambazo ni ghali kuzitandika na kuzitunza. Pili, ajira zile zilipungua, na timu za mashirika zikavunjwa kwa amri ya serikali kabla ya kurejeshwa mwaka 2022.

Hata hivyo vijana hawakuacha kushindana. Mwaka 2018, kabla ya Michezo ya Asia mjini Jakarta, walitishia kutokwenda mpaka walipwe malimbikizo yao. Oktoba ya mwaka huo huo, mjini Muscat, Oman, walitangazwa mabingwa wa pamoja na India katika Kombe la Mabingwa wa Asia, baada ya mvua kuzuia fainali. Miezi michache baadaye nchi yao ikakosa kushiriki Ligi ya Pro ya dunia kwa sababu ya fedha. Mwaka 2024 walifika fainali ya Kombe la Sultan Azlan Shah huko Ipoh, Malaysia, wakashindwa na Japani kwa penalti tu.

Wapo wanaoyasoma haya na kusema: tazameni, moyo unatosha, fedha si kitu. Kauli hiyo ina hatari. Subira ni sifa ya aliyedhulumiwa, wala haiwi hoja ya kumtetea aliyezuia haki. Mchezaji akishinda na njaa, sifa ni yake. Deni linabaki shingoni mwa aliyeahidi kumlipa. Mtume (S.A.W) ametufundisha tusimcheleweshee mfanyakazi ujira wake hata kwa muda wa jasho lake kukauka, na hakulibagua jasho la aliyeshinda na la aliyeshindwa.

Tena anayedai hadai peke yake. Nyuma yake yuko mama anayengoja dawa, mke anayekopa dukani, na mdogo wake aliyetumwa nyumbani kufuata ada. Baba akiyaona hayo kwa mwanawe wa kwanza, wa pili atamwambia aliweke gongo chini atafute kazi. Hivyo ndivyo kipaji cha taifa kinavyopotea, kimya kimya, sebuleni.

Ndugu msomaji, jambo hili haliko Lahore na Karachi peke yake. Liko katika madrasa zetu. Ustadhi hufundisha miezi kadhaa kwa ahadi, watoto wakashinda mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, tukapiga takbira, tukapiga picha na kombe, na kiongozi akasimama kusema kuwa mwalimu wetu anafanya kazi kwa ajili ya Allah. Ni kweli, ikhlasi ni yake na malipo yake yako kwa Mola wake. Lakini ahadi tuliyompa ni yetu, na tutaulizwa sisi.

Katika Surat al-Baqara, Allah (S.W.) ameamrisha madeni yaandikwe. Basi makubaliano na walimu yaandikwe, na hesabu zisomwe mbele ya jamaa. Na siku ya sherehe ya ushindi, kabla ya kununua maturubai na biriani, mweka hazina aulizwe swali moja: ustadhi anatudai kiasi gani? Akilipwa kwanza, furaha ya siku hiyo itakuwa halali kwa wote, yeye na watoto wake wakiwamo.