Netibuku au Laptopu? Kuchagua Kompyuta ya Safari

Baada ya mtihani wa kidato cha nne wengi wenu mtasafiri. Mmoja atatoka Bukoba kwenda kusoma kidato cha tano Iringa, mwingine ataanza chuo Dar es Salaam, na katika familia nyingi hiki ndicho kipindi ambacho kompyuta ya kwanza hununuliwa. Pesa hiyo haipatikani mara mbili. Makala hii inaeleza jinsi ya kuchagua kati ya netibuku na laptopu kwa kutumia mambo ambayo tayari umeyasoma katika Fizikia na Hisabati.

Laptopu, au kompyuta mpakato, ni kompyuta kamili inayobebeka. Netibuku ni ndugu yake mdogo. Ilipata umaarufu mwaka 2007, kampuni ya Asus ilipotoa Eee PC yenye kioo cha inchi 7, hifadhi ya gigabaiti 4 na uzito usiofika kilo 1. Nyingi zilizofuata zilikuwa na kioo cha inchi 10 hivi na prosesa ya Intel Atom, iliyoundwa itumie umeme kidogo. Kazi zake zilikuwa kusoma barua pepe, kutembelea tovuti na kuandika. Mwaka 2010 iPad ilipotoka, soko la netibuku lilianza kushuka, na miaka michache baadaye viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza. Kwa hiyo netibuku utakayoikuta dukani leo karibu kila mara ni ya mtumba, na ni ya zamani. Shika hoja hiyo, tutairudia.

Wanunuzi wengi huanza na uzito. Netibuku ya inchi 10 ina kilo 1.2 hivi, wakati laptopu ya inchi 15.6 mara nyingi huzidi kilo 2 bila chaja. Tofauti hiyo utaisikia begani ukiwa umebeba pia sanduku na ndoo, lakini ukishakaa kwenye basi huisikii tena. Kwangu mimi hoja ya kwanza ya msafiri ni umeme.

Chukua mfano. Nyuma ya betri pameandikwa volti 10.8 na ampea-saa 4.4. Nishati yake ni 10.8 × 4.4 = wati-saa 47.52. Tuchukulie netibuku inatumia wati 9 na laptopu inatumia wati 18, zote zikiwa na betri ya aina hiyo.

Netibuku: 47.52 ÷ 9 = saa 5.28
Laptopu: 47.52 ÷ 18 = saa 2.64

Hapa netibuku inashinda wazi. Lakini hesabu hii ni ya betri mpya. Betri ya lithiamu hupungua uwezo kila mwaka, na iliyobaki na nusu ya uwezo wake itaipa netibuku hiyo saa 2.64 tu, sawa na laptopu yenye betri mpya. Usikubali kuambiwa “inakaa na chaji” bila kupima. Kwenye Windows 8 na matoleo ya baadaye, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Gawanya wa sasa kwa ule wa kwanza, zidisha kwa 100, upate asilimia iliyobaki. Muuzaji akikataa usifanye hivyo, hama duka.

Usitegemee pia tundu la USB la kwenye basi. Kwa kawaida hutoa volti 5 za kuchaji simu, wakati laptopu nyingi za zamani huhitaji volti 19 hivi.

Sasa kioo. Tukichukulia kwamba vioo vya inchi 10.1 na 15.6 vina maumbo yanayofanana, uwiano wa maeneo yao ni mraba wa uwiano wa hanamu zao: (15.6 ÷ 10.1)² = 2.4 takribani. Yaani kioo kimoja ni zaidi ya viwili vya kile kingine. Netibuku nyingi zina pikseli 1024 kwa 600, na baadhi ya madirisha ya programu huzidi urefu huo, hata kitufe cha kukubali kinajificha chini ya kioo. Kuandika barua kunawezekana. Kutengeneza jedwali kubwa la hesabu ni mateso.

Turudi kwenye umri, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Netibuku nyingi za Atom ziliuzwa na RAM ya gigabaiti 1, na nyingi haziwezi kuongezwa zaidi ya 2. Windows 11 inahitaji angalau gigabaiti 4 za RAM na hifadhi ya gigabaiti 64. Windows 7, iliyokuja na netibuku nyingi, iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Unaweza kuweka Linux nyepesi ukaendelea kuandika na kusoma vitabu vya PDF, na kwa mtu mwenye kazi hizo mbili tu, netibuku ya bei ndogo bado inafaa. Mwanafunzi wa chuo atakayetakiwa kuhudhuria vipindi kwa video ataiona inakwama wiki ya kwanza.

Ushauri wangu kwa wengi wenu ni laptopu ndogo ya inchi 12 au 13 iliyotumika ofisini: kilo 1.5 hivi, RAM ya gigabaiti 8, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, na hifadhi ya SSD. SSD haina sahani inayozunguka kama diski ya kawaida, hivyo haiumizwi kwa urahisi na mitikisiko ya barabara ikiwa inafanya kazi.

Anayesafiri kwa ndege akumbuke kwamba betri ya akiba haiwekwi kwenye mzigo wa chini, na ikizidi wati-saa 100 lazima shirika la ndege litoe kibali.

Swali la kujipima: Betri ya akiba ina volti 11.1 na ampea-saa 5.2, na imebakiwa na asilimia 60 ya uwezo wake. Kompyuta hutumia wati 15. Itafanya kazi kwa saa ngapi? Je, betri hiyo inahitaji kibali kuingia kwenye ndege?