Simu ya Majeruhi wa Ubongo: Lugha, Mitandao ya Kijamii na Utengamao katika Hima na Bwera

Makala haya yanajadili jambo ambalo kwa kawaida huachiwa familia: ifanyweje simu ya mtu aliyepata jeraha la ubongo? Eneo linalozingatiwa ni wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, hususan Hima, mji wa kiwanda cha saruji, na Bwera, jirani na mpaka wa Mpondwe. Dai letu ni kwamba, katika mazingira ya lugha nyingi kama haya, mawasiliano ya mitandaoni ni sehemu ya utengamao wenyewe. Kumnyang'anya majeruhi simu ni kumnyima mazoezi anayoyahitaji zaidi.

Tumchukue, kwa mfano wa kufikirika, dereva wa bodaboda wa Hima aliyeanguka bila kofia ngumu. Mguu umeunga, anatembea, na jirani akimsalimu hujibiwa vizuri. Simuni mwake mna makundi matatu ya WhatsApp: la ukoo, ambamo hutumika Lukonzo, la madereva, ambamo Kiswahili na Kiingereza huchanganywa, na la kanisa, ambamo Lukonzo huwa ya adabu zaidi. Kabla ya ajali aliyapitia yote bila kufikiri. Sasa utani wa madereva anautuma kanisani. Salamu moja anaituma mara nne kwa kuwa amesahau kwamba ameshaituma. Mzaha anausoma kama tusi, anaujibu kwa hasira saa nane za usiku. Ndugu wanaona aibu. Kaka yake anaichukua simu na kuifungia kabatini.

Sarufi ya mtu huyu huenda haijaguswa. Kilichoyumba ni pragmatiki: kujua nani anasikiliza, ameshafahamu nini, lugha ipi inamfaa, na wakati gani ni wa kunyamaza. Uwezo huo hutegemea kumbukumbu, umakini na kujizuia, mambo ambayo huathirika sana sehemu ya mbele ya ubongo inapoumia. Katika mazungumzo ya ana kwa ana, uso wa msikilizaji humwonya msemaji. Kwenye skrini uso huo haupo.

Wingi wa lugha huongeza ugumu. Mwaka 1895 Mfaransa Albert Pitres aliandika kuhusu wagonjwa wa afasia waliojua lugha zaidi ya moja, akaona kwamba kwa kawaida hutangulia kurudi lugha iliyozoeleka zaidi. Kanuni yake imepingwa mara nyingi, lakini onyo lake limebaki: anayempima mkazi wa Bwera kwa Kiingereza pekee huenda anapima lugha ambayo mgonjwa aliitumia kidogo kuliko zote. Hapa simu ina manufaa ambayo wataalamu hawajayatumia vya kutosha. Jumbe za kabla ya ajali, mwenyewe akiridhia zisomwe, huonyesha alizungumza na nani, kwa lugha gani na kwa mtindo gani. Sioni dodoso linaloweza kushindana na ushahidi huo. Ridhaa hiyo si hiari ya mtafiti: Uganda ina sheria ya ulinzi wa data binafsi tangu 2019.

Nchini Australia, Melissa Brunner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney wameonyesha kwamba majeruhi wengi hujifunza mitandao kwa kubahatisha, na kwamba wahudumu wa utengamao mara nyingi huingilia kati baada ya madhara kutokea. Funzo hilo linatuhusu. Vifaa vyao, hata hivyo, haviwezi kuletwa Kasese kama vilivyo, kwa sababu huku simu huweza kuwa ya nyumba nzima, na wengi husikiliza kuliko kusoma. Kiswahili cha wilaya hii kilienea zaidi kwa masikio, katika migodi ya shaba ya Kilembe na katika masoko ya mpakani. Kijitabu cha Kiswahili sanifu hakitawafikia walengwa. Maelekezo ya sauti yatawafikia. Yakirekodiwa kwa Lukonzo yatafaa hata ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa Kinande cha Kongo ni lugha ndugu.

Ujumbe wa sauti humwokoa asiyeweza tena kupanga herufi, ila pia huachia maneno marefu yasiyopimwa. Zoezi la kwanza liwe kujisikiliza kabla ya kutuma, jambo ambalo WhatsApp inaliruhusu.

Msaidizi wa mazoezi hayo ni nani? Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, lakini wataalamu bado ni wachache, na Kampala ni mbali. Utafiti wa Leanne Togher, pia wa Sydney, umeonyesha kwamba kumfundisha mgonjwa pamoja na mtu anayezungumza naye kila siku huzaa matokeo bora kuliko kumfundisha mgonjwa peke yake. Mke, mpwa au kiongozi wa madereva anaweza kujifunza kuuliza, bila kujibu kwa niaba ya mgonjwa: ujumbe huu ni wa nani? Umeshautuma? Haungoji asubuhi? Waanze na kundi moja. Laini ya pesa iwekwe kwenye simu nyingine, ili hofu ya matapeli isizime mazungumzo.

Washauri wa sera wana la kuamua pia. Mwaka 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao. Mwaka 2021 ikaibadilisha kuwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Kwa anayehitaji mazoezi ya kila siku, bei ya kifurushi ni bei ya tiba. Facebook ilipofungwa Januari 2021, njia ya kuzunguka kizuizi ilidai hatua ambazo kumbukumbu iliyojeruhiwa hazishiki. Zito zaidi ni marekebisho ya mwaka 2022 ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, yaliyoongeza makosa ya kutuma taarifa zenye nia mbaya. Sheria ya namna hiyo hudhani kwamba mtumaji alipima maneno yake. Polisi wa Hima anayeletewa ujumbe wa saa nane za usiku hana namna ya kujua kuhusu jeraha, isipokuwa hospitali iliyomruhusu majeruhi iwe imempa barua inayoeleza hali yake ya mawasiliano. Barua hiyo iandikwe kabla mgonjwa hajaondoka wodini, siku ileile anapoulizwa anatumia makundi gani na kwa lugha zipi.